Semina ya usafi wa moyo pale Sinza, asubuhi nyota mbili ila mchana nyota tano

Naona kwenye magrupu watu wanauliza ile semina ya siku moja ya usafi wa moyo inayofanyikaga Sinza kama inafaa kwenda au ni zile za kukamuana hela, sasa mimi nimeenda nimekaa mwanzo mwisho kwaiyo naandika hapa mtu asome aamue mwenyewe. Waandaaji siwataji, wakazi wa huku tangazo mshaliona.

Kiingilio elfu ishirini, unalipa kwa simu au mlangoni, na humo kuna chai, msosi wa mchana na kidaftari. Chai aisee hawajabania, maziwa na tangawizi ya ukweli na chapati za moto. Pilau ya mchana nyama unaitafuta kwa tochi. Soda unajinunulia japo tangazo lilisema kila kitu kimo ndani, na tangazo hilo hilo lilisema tunaanza saa mbili kamili, maiki imeshikwa saa nne kasoro.

Somo la kwanza kapewa mchungaji kijana, anajua kuongea, anachekesha, hilo simnyimi. Shida ni kwamba kwake moyo mchafu maana yake ngono, basi. Mademu, video chafu, chati za usiku, nguo za kubana, tumekaa hapo mpaka mgongo unauma. Sisemi ni uongo, Yesu mwenyewe kwenye Mathayo 5:28 kasema habari ya kumtazama mwanamke kwa kumtamani, ila nenda Marko 7:21-22 uone anavyotaja yanayotoka moyoni, kuna wizi, hila, kijicho, matukano, kiburi, mpaka upumbavu umo, na ukiyahesabu ya ngono hayazidi matatu kati ya kumi na tatu. Sasa umejaziwa ukumbi wababa wenye maduka Kariakoo na wamama wa vikoba, umewaambia nini? Wanatoka hapo wanajiona weupe pee kwa sababu hawana mchepuko (na hao ni wale ambao kweli hawana).

Afu zikaja bangili. Za mpira, nyeupe, zimeandikwa mstari wa Biblia, elfu tano, unavaa kama ahadi kwamba kuanzia leo moyo wako utakuwa safi. Vijana wamenunua kwelikweli. Mimi hapa ndo niliposhindwa kuelewa maana mfalme Daudi baada ya lile sakata la kulala na Bathsheba, mke wa mtu, hakuahidi kwamba moyo wake utakuwa safi, kwenye Zaburi 51 anasema "Ee Mungu, uniumbie moyo safi", yaani anaomba aumbiwe kwa sababu ameshaona wa kwake haurekebishiki kwa kujikaza. Na Petro kwenye Matendo 15:9 anasema Mungu ndiye aliyewasafisha watu wa mataifa (wasio Wayahudi) mioyo yao, kwa imani. Haya yote mchungaji hakuyagusa, na nadhani angeyagusa bangili zisingetoka.

Kabla ya msosi akaingia sista mmoja Mkatoliki, maana waandaaji wamechanganya madhehebu na hilo nawapa pongezi zao. Alipewa kamuda kadogo tu. Kaelezea watawa wa zamani wa jangwa la Misri na huyu John Cassian aliyekwenda kuishi nao mwishoni mwa karne ya 4 kisha akaja kukaa Marseille, Ufaransa. Anasema wale wazee walimfundisha kwamba shabaha ya mtawa ni usafi wa moyo, kufunga na kukesha ni vifaa tu vya kufikia hapo, ukifunga halafu ukabaki na hasira umekaa na njaa bure. Na kwamba wapo watu walioacha mali za kutisha, mashamba, dhahabu, wakaenda jangwani, halafu huko huko mtu anawaka kisa kalamu yake imeguswa au kisu chake kidogo. Ukumbi ulicheka, mama mmoja nyuma yangu akasema huyo ni katibu wetu wa kwaya. Mimi ningempa sista muda wote wa asubuhi ila MC alishaanza kumuonyesha saa (MC huyo huyo aliyechelewa).

Mchana ndo hela yangu ilirudi. Mzee wa Kihaya, mstaafu, hana projekta wala suti kali, ana Biblia imechakaa. Kafungua Zaburi 24, nani atakayepanda katika mlima wa Bwana, mtu aliye na mikono safi na moyo mweupe, akaenda moja kwa moja mwisho wa mstari, "wala hakuapa kwa hila". Akauliza, nani leo kapigiwa simu akajibu nipo Magomeni hapa nakaribia na bado yuko Kimara anatafuta soksi? Watu wanacheka. Nani wiki hii amemwambia mteja haki ya Mungu mama, hata mimi nimenunua kwa bei hiyo hiyo? Hapo kicheko kikapungua aisee, jamaa pembeni yangu akaanza kusoma kidaftari chake ambacho hakijaandikwa kitu.

Hoja yake ni kwamba moyo mchafu ni moyo uliogawanyika. Akaleta Yakobo 4:8, "kuisafisha mioyo yenu, enyi wenye nia mbili", akasema mtu anaweza asiguse mke wa mtu maisha yake yote na bado ana moyo wa Jumapili na moyo wa dukani, na Mungu anautaka mmoja.

Kisha akasimulia Uamsho wa Afrika Mashariki, ile harakati ya walokole, maana wazazi wake walikuwa humo. Namirembe, Kampala, mwaka 1929, Simeon Nsibambi Mganda na Joe Church, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi Gahini, Rwanda, walikaa pamoja wakasoma Biblia na kuomba, na ule moto baadaye ukasambaa mpaka huku kwetu Bukoba na Karagwe. Anasema walokole wa kipindi kile hawakuishia kulia kwenye mikutano, walirudisha. Uliiba ng'ombe unampeleka mwenyewe kwa mwenye nae, ulimsengenya mtu unaenda kwake unamwambia nilikusema hivi na hivi nisamehe, ndo kutembea nuruni kwenyewe kwa 1 Yohana 1:7. Hakuificha na kasoro yake, kwamba baadae wengine walikuwa wanasimulia dhambi zao kama wanatafuta kupigiwa makofi, na wengine wanaungama na za jirani humo humo.

Maswali yanaandikwa kwenye vikaratasi bila jina, hilo wameweza sana. Mmoja kauliza bosi wake hataki atoe risiti ya EFD (ile mashine ya kodi) mpaka mteja aidai, na yeye ana watoto wanasoma. Mzee akamwambia usijipoze kwamba ni dhambi ya bosi peke yake, ila pia usiache kazi kesho kwa hasira ukaita utakatifu, kaongee nae kwanza, na anza kutafuta pengine. Mwingine anasema mawazo mabaya yanamjia hata akiwa anasali, je moyo wake umeoza? Akajibiwa wazo likipita nje ya mlango wako sio kosa lako, ukilivutia kiti ukalimiminia chai hilo sasa ni lako, na Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa kama sisi na hakufanya dhambi. Alieuliza hilo, popote alipo, nahisi hela yake ilirudi hapo hapo.

Swali moja waliliharibu. Mwanamke anapigwa na mume, MC akadaka maiki akajibu haraka haraka eti samehe mama, safisha moyo, Mungu ataonekana. Hapana bana. Kusamehe ni jambo la moyoni, haimaanishi urudi ukapigwe tena, na polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto kwa ajili ya mambo kama hayo. Mzee alitaka kuongezea wakamkatia muda.

Mlangoni wanakupa fomu ya maoni, mimi nimeandika rekebisheni saa na soda kwenye tangazo kabla hamjatufundisha tena Zaburi 24, na acheni kuuza bangili. Tiketi ya nusu siku hamna, niliuliza, kwaiyo kama una kazi za asubuhi fanya zako njoo saa sita umuwahi sista. Shuka Afrika Sana uchukue boda. Kaa upande wa madirisha maana umeme ulikatika na jenereta yao inabeba spika tu, feni hapana. Vyoo visafi, maji yapo. Soda jinunulie nje kwa Mangi, ukumbini wanauza mara mbili.