Siku Njema na daftari la madeni: nimevisoma vyote viwili

Chini ya kaunta yangu hapa Kondele, Kisumu, kuna vitabu viwili. Kimoja aliandika Ken Walibora, kikatoka mwaka 1996, na wanafunzi wengi wa Kenya walitahiniwa nacho. Cha pili naandika mwenyewe kwa kalamu ya bluu, nyekundu mambo yakiharibika, na wa kukikagua ni Mungu na mume wangu tu. Mwezi huu nimevisoma vyote viwili kwa zamu, maana mvua ya jioni ikianza wateja hukatika, na stima nayo ina tabia zake. Leo mtu akiniuliza ni kipi kilichonitia wasiwasi zaidi, sitataja cha Walibora.

Bei kwanza. Siku Njema nilikinunua mjini kwa kijana mmoja anayetandaza vitabu vikuukuu kwenye turubai kando ya njia. Alitaka 200, tukavutana, nikampa 120. Jalada limeshikwa na selotepu. Ndani kuna mhuri wa shule uliofutwafutwa, na mwanafunzi fulani aliyekitumia kabla yangu ameandika "tashbihi" kwa penseli pembeni mwa kila ukurasa, hata pale ambapo mtu anaamka tu na kunawa uso. Sijui alipata alama gani, lakini bidii alikuwa nayo.

Daftari ni kaunta buku ya kwaya tatu (kwaya hii haiimbi, ni hesabu ya karatasi), kurasa 288, jalada jeusi gumu, mgongo mwekundu. Kwa uimara, riwaya isijaribu hata kusimama karibu nalo. Limemwagikiwa mafuta ya kupima, limelaliwa na paka, limeua mende wasiohesabika, na bado linafunga sawasawa. Yale mafuta yalipenya karatasi tatu nne, kwa hiyo madeni ya Machi sasa yanasomeka ndani ya Aprili. Wala sikusumbuka kuyanakili upya, maana ndivyo yalivyo hata bila mafuta.

Sasa wahusika. Kwa Walibora unakutana na Kongowea Mswahili, mtoto wa Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu wa Tanga. Mama anafariki, kijana anabaki na swali la baba yake, na swali hilo linamtoa Tanga linamvusha mpaka hadi huku kwetu magharibi, Kitale. Nilipokisoma mara ya kwanza shuleni, jina hilo lilinichekesha. Kongowea nilijua ni soko la Mombasa. Ni kama mtu wa hapa amwite mwanawe Kibuye, soko letu la Kisumu! Lakini ukifika katikati unasahau kabisa habari za soko, unamwona mtoto tu.

Katika daftari langu hakuna mwenye jina la cheti cha kuzaliwa. Kuna Mama Pacha, Fundi Redio, Geti la Bluu, Helmeti Nyekundu, na Mwalimu wa Juu, ambaye si mkuu wa chochote ila anakaa ghorofani. Na mwandishi (mimi) hasemi mtu ana tabia gani. Unajisomea mwenyewe kutokana na vitu. Chukua ukurasa wa Mama Pacha. Unga gorogoro moja. Sukari robo. Mafuta ya 20. Majani ya 10. Unga gorogoro moja. Wiki nzima hivyo hivyo, ukurasa mkavu kama omena ya juzi. Halafu Ijumaa moja, ghafla: soda 2, keki 2. Hakusema kitu siku hiyo, nami sikuuliza, lakini pacha walikuwa wamesimama nyuma yake wamepakwa mafuta mpaka magotini. Bei ya keki sikuiandika. Ukitazama vizuri utaona nafasi tupu mbele ya hilo neno, na hapo hata yule mwanafunzi wa penseli hangekuwa na la kuandika.

Geti la Bluu ndiye msiba wa kitabu. Alianza na mkate na maziwa, akalipa vizuri. Kisha mkate na kredo ya simu. Kisha kredo, kredo, kredo. Kisha mistari mitupu. Juzi nimepita pale, geti limebandikwa karatasi: nyumba ya kupangisha. Deni aliloniachia: 1,150. Walibora angalau humpa msomaji dalili kabla ya kumvunja moyo.

Lugha siwezi kulinganisha bila kuona haya. Walibora ni mzaliwa wa huku magharibi, lakini anaandika mtoto wa pwani utadhani alilelewa kwa kashata na mabumunda. Kuna sentensi nilizisoma kwa sauti dukani peke yangu kwa utamu tu, mteja akaniuliza kama nasali. Ila lile jina la kitabu nina neno nalo. Wahenga wanasema siku njema huonekana asubuhi. Mimi hufungua saa kumi na mbili asubuhi, na sijawahi kuiona. Yangu huonekana saa tatu usiku nikihesabu sarafu, tena si kila usiku.

Daftari lenyewe halina vitenzi. Ni nomino na tarakimu, na neno moja linalojirudia kuliko yote: kesho. Lina ndugu zake, "jioni" na "mwisho wa mwezi", lakini kesho ndiyo mhusika mkuu. Ukutani nilibandika karatasi yenye maandishi makubwa, KUKOPA HARUSI, KULIPA MATANGA. Wateja huisoma kwa sauti, hucheka, hunipongeza kwa mwandiko, halafu hukopa. Siku hizi kuna wanaonilipa kwa Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa. Mimi nafuta deni kwa furaha, na mwenzangu anabaki analo vile vile, sema limehamia simuni. Hapo hata sijui kama hadithi imeisha au imebadilisha mwandishi.

Kuna kurasa ambazo vitabu hivi viwili vilikutana. Aprili 2020, habari zilipotufikia kwamba Walibora amefariki Nairobi, nilikuwa nyuma ya kaunta hii hii, wateja wamesimama mbalimbali, midomo imefunikwa. Redio ikasema, mama mmoja kwenye foleni akashika kifua: "Yule wa Siku Njema?" Foleni nzima wakaanza kukumbushana. Huyu alikisoma kidato cha tatu, yule alichapwa kwa kukipoteza. Dakika kumi hakuna aliyeomba unga. Kisha wakakumbuka kilichowaleta, na karibu wote wakakopa. Daftari la mwaka huo bado ninalo. Lilijaa kabla ya Juni, na kusema kweli kuna kurasa humo nimeamua kutozifuatilia.

Nirudi kwenye dosari, maana hii ipo na ni kubwa. Nakala yangu ya Siku Njema haina mwisho. Kurasa za nyuma zimeng'oka zote, sentensi inakatikia njiani kama matatu iliyoishiwa mafuta. Nilikisoma shuleni, kwa hiyo mwisho ninao kichwani, lakini kwa namna ya mtu anayekumbuka harusi ya zamani: unajua nani alikuja, umesahau kilichosemwa. Nilirudi kwa yule kijana wa turubai na kitabu mkononi. Akakipindua, akatazama, akanirudishia kwa adabu.

"Mama," akasema, "kwa 120 ulitaka na mwisho?"

Sikuwa na jibu. Nilinunua tu mapera hapo kando nikarudi dukani.

Sasa kuna huyu Helmeti Nyekundu, kijana wa boda anayeegesha mbele ya duka. Deni lake lilikuwa 340: mikate, maziwa, na kiberiti kimoja anachokikana mpaka leo. Jioni moja ya mvua alijikinga kwangu, akaniona nimezama kitabuni, akaniomba akisome kwa sababu wakati wake shuleni walisoma kingine. Nikampa. Kwa mazoea ya mkono nikafungua daftari na chini ya kile kiberiti nikaandika: Siku Njema, 1.

Kuanzia hapo kila akipita alikuwa ananipa habari badala ya pesa. Mama amefariki, Mathe. Sasa ameingia Kenya, Mathe. Abiria wanangoja kwenye pikipiki yeye anaeleza. Siku ya kumi akaja mbio, helmeti bado kichwani, akakitupa kitabu juu ya kaunta.

"Mathe, hii kitu inaisha wapi?"

"Inaisha hapo hapo ulipofika."

"Na ulijua?"

"Nilijua."

Alininyamazia. Akatoa simu, akabonyeza bonyeza huku amenikazia macho, na yangu ikalia. M-Pesa: 170.

"Umenipa kitabu nusu," akasema, "na mimi nimekulipa nusu. Ukipata zile kurasa zingine, nipigie." Akawasha pikipiki akaondoka.

Nimeandika: amelipa 170, kitabu kimerudi. Jumapili nitapita Kibuye nitafute nakala yenye kurasa zote. Ila nakala hiyo ikinitoka kwa zaidi ya 170, sijui nitaiandika kwenye ukurasa wa nani.