Seti ya kurudishia sentabodi ya Wayfarer: uzoefu wangu, yaliyo mazuri na yanayokosekana

Seti hii ni ya kurudishia sentabodi, ule ubao unaoshuka chini ya mashua kupitia kasha lake, kwenye Wayfarer: mashua ya mita 4.82 aliyoibuni Ian Proctor wa Uingereza mwaka 1957. Ndani ya mfuko mna bolti ya chuma cha pua daraja la 316 yenye unene wa milimita 12 na nati yake ya kujifunga, washa mbili pana za chuma, washa nne za mpira (mbili nene, mbili nyembamba), bushi ya plastiki ngumu (kibomba kifupi kinachovishwa kwenye tundu la ubao, bolti ikapita ndani yake), vipande viwili vya mpira wa breki, na mkanda wa mita 3 wa kitambaa cha tanga wa kuzibia mwanya, ile nafasi ya chini ya mashua ubao unakotokea. Ubao wenyewe haumo.

Bolti ni nzuri sana na mkanda ni mzuri. Washa za mpira hazifai, na karatasi ya maelekezo inaruka jambo kubwa kuliko yote, yaani hali ya tundu la bolti.

Kabla ya kushika spana, elewa bolti hiyo ilipo. Inapita kwenye kuta za kasha na ubao uliomo, chini ya usawa wa maji, kwa hiyo mashua ikielea tu, maji yako tayari pembeni mwake yakitafuta njia ya kuingia. Imepewa kazi mbili zisizopatana: ilegee kiasi cha kuacha ubao uzunguke, ibane kiasi cha kuzuia maji. Wengi hujibu kwa kukaza nati zaidi. Kuta za kasha huvutwa ndani, ubao hubanwa, na faibaglasi iliyozunguka tundu huanza kuchanika nyufa nyembamba. Zikishaingia nyufa, hata mpira mpya hausaidii. Kinachozuia maji ni mpira laini uliokalia uso safi na bapa, si nguvu ya mkono.

Anza kwa kupima. Nyingi katika mashua za zamani zilitobolewa kwa inchi, na nusu inchi ni milimita 12.7. Bolti ya milimita 12 ikiingia humo inacheza milimita 0.7, na huo mchezo unatosha kuufanya ubao ugonge kila mashua inapobisha, yaani inapogeuza upande kuukabili upepo. Kila kugonga kunalipanua tundu. Kama tundu la kasha ni la nusu inchi na bado ni zima, tafuta bolti ya nusu inchi, hii irudishe dukani. Kama limeshakuwa yai, lizibe kwa epoksi (gundi ngumu ya kuchanganya sehemu mbili) utoboe upya. Pima pia unene wa ubao na upana wa mwanya, mbele, katikati na nyuma. Nafasi ya milimita 1.5 kila upande inatosha. Ikipungua, punje za mchanga zitaukwamisha ubao. Ikizidi sana, utausikia ukigonga kuta usiku kucha mashua ikiwa nangani. Ubao wa mbao ulionyonya maji huvimba, kwa hiyo ukaushe kivulini, hewa ikipita pande zote mbili. Ukiuanika juani unapinda.

Tundu la ubao ndilo lenye kazi. Mara nyingi mbao imekwisha kuliwa, na kulazimisha bushi mpya kwenye tundu bovu ni kupoteza pesa. Litoboe liwe pana kama mara mbili ya bolti, kwa bolti hii milimita 25, hadi ufike kwenye mbao ngumu na kavu. Paka epoksi nyepesi ukutani mwa tundu ili mbao inywe kwanza. Funga upande mmoja kwa utepe, kisha jaza epoksi uliyoichanganya na unga wake wa kukazia hadi iwe nzito kama siagi ya karanga. Jaza kwa awamu mbili. Epoksi hutoa joto inapoganda, na donge nene kwenye hali ya hewa ya pwani yetu linaweza kuchemka, likatoka povu na kupasuka. Changanya kidogo kidogo, kivulini, kwenye chombo kipana badala ya kikombe chembamba. Acha siku nzima. Ndipo utoboe, kwanza kwa keekee ya milimita 4 kama kiongozi, halafu saizi ya nje ya bushi, ukitumia drili ya kusimama ili tundu lisiende mshazari. Tundu likilala upande, ubao mzima utasimama upande na kukwaruza kasha.

Bushi ya kwenye seti ni laini mno kwa nje, gundi haiishiki. Ikwaruze kwa msasa namba 80, igandishe kwa epoksi, na isitokeze nje ya uso wa ubao. Bolti ipite ndani yake bila kulazimishwa wala kutikisika.

Sasa washa za mpira, maana hapa ndipo seti inaponiudhi. Tundu la washa zilizotolewa ni milimita 12, sawasawa na bolti. Maji hayapiti kati ya mpira na kasha peke yake. Hufuata shingo ya bolti, yakatokea chini ya kichwa au kwenye nati. Mpira unatakiwa uikumbatie bolti. Kata washa zako mwenyewe kutoka kwenye mpira mgumu kiasi wa milimita 4 au 5, upana sawa na washa ya chuma, tundu la milimita 10, halafu uzisukume kwenye bolti kwa nguvu. Mpira wa kandambili usiutumie: una vinyweleo, hubonyea moja kwa moja na haurudi. Zile washa nyembamba karatasi inasema zikae ndani ya kasha, pande mbili za ubao. Sikubaliani. Mpira ndani huushika ubao, hujikunja na mwishowe hunyofoka. Weka visahani vyembamba vya nailoni mahali pake.

Mpangilio basi ni kichwa cha bolti, washa ya chuma, mpira, ukuta wa kasha, nailoni, ubao, nailoni, ukuta, mpira, washa ya chuma, nati. Usipake silikoni chini ya mpira. Inaufanya uteleze na kuchomoka unapokaza, na mabaki yake huharibu kazi yoyote ya rangi au epoksi itakayofuata. Grisi ya gari pia iache, kwa kuwa huvimbisha mpira wa asili. Mafuta ya lanolini (yatokayo kwenye manyoya ya kondoo) kwenye nyuzi za bolti yanatosha, na yanazuia nati ya chuma cha pua isishikane na bolti kiasi cha kutofunguka tena.

Kurudisha ubao kunataka watu wawili. Ng'oa mlingoti, laza mashua ubavu juu ya matairi makuukuu. Mmoja anauingiza ubao kutoka chini, ukiwa umelala kama ulivyo ukiwa umeinuliwa. Mwingine yuko upande wa ndani na kijiti kilichochongwa ncha, akikitumia kulinganisha matundu. Bolti iingie kwa kusukumwa na kidole. Ikihitaji nyundo, matundu hayajalingana, na nyundo itaivunja bushi. Sehemu inayokaa ndani ya ubao iwe laini isiyo na nyuzi, maana nyuzi hukereza bushi kama tupa. Bolti ya seti hii imefanya vizuri hapo.

Kabla ya kukaza, pima upana wa kasha kwa nje pale kwenye bolti. Kwa spana mbili za namba 19, kaza hadi mpira ubonyee kama robo ya unene wake, kisha pima tena. Upana ukipungua hata nusu milimita, legeza. Nyuzi mbili angalau zionekane nje ya nati.

Mpira wa breki ubandikwe kwenye kichwa cha ubao, ndani ya kasha. Watu huuona kama pambo, na hilo ni hatari. Ubao wa mbao huelea, hivyo bila breki hupanda wenyewe. Mashua ikipinduka kabisa, ubao usioshikwa huanguka ndani ya kasha, nawe utakosa cha kukanyagia ili kuigeuza. Breki nzuri inauacha ubao usogee kwa mkono mmoja na kubaki ulipouacha.

Mkanda wa mwanya unakatwa vipande viwili vinavyokutana katikati. Gundi ya mafundi viatu inafaa: paka pande zote mbili, subiri ikauke hadi isishike kidole, kisha bandika ukiuvuta mkanda kuelekea omo (mbele) na shetri (nyuma). Miisho yote ishikwe kwa skrubu na kibati, kwa sababu maji huanza kubandua mbele.

Ikivuja bado, kausha ndani na upake unga wa chaki kuzunguka bolti na kwenye kiungo cha kasha na sakafu, mashua ikielea imetulia. Mstari wa kwanza unaolowana ndio chanzo. Maji yakiingia mashua inapokwenda tu, bolti haina hatia. Yanaruka kutoka juu ya kasha, na dawa ni mkanda. Ubao ukikwama baada ya kukalia mchanga wakati wa maji kupwa, usiupige kutoka juu. Mwagia maji kwa mpira wa bustani kupitia mwanya hadi mchanga utoke, wewe ukiwa pembeni na kamwe si chini ya mashua iliyoning'inizwa. Ubao ukivuma mashua ikishika kasi, angalia ukingo wake wa nyuma: uliochongwa mviringo ndio huvuma. Ukate uwe bapa kwa milimita 2 hivi, au upunguze upande mmoja kwa mshazari.

Kwa bei yake ningenunua tena bolti, bushi na mkanda kama vingeuzwa mojamoja. Bolti yenyewe, pamoja na kuwa ya 316, itoe kila mwaka. Chini ya mpira maji ya chumvi hutuama bila hewa, na hapo hata chuma cha pua hulika. Ukiona vishimo vyeusi kwenye shingo yake, usiirudishe, hata kama nyuzi bado zinang'aa.