Orpheus na gitaa la umeme: tathmini ya albamu "Underworld" ya Symphony X

Katika muziki wa hevi metali kifo ni mada iliyozoeleka mno, kiasi kwamba mafuvu yanayochorwa kwenye majalada hayamshtui tena msikilizaji. Albamu ya Underworld, ambayo bendi ya Kimarekani ya Symphony X iliitoa mwezi Julai 2015, inastahili kusikilizwa kwa makini kwa sababu, pale inapofaulu, habari yake si ya marehemu bali ya aliyebaki hai akimlilia.

Albamu hii imejengwa juu ya mashairi ya Dante, mshairi wa Kiitalia wa zama za kati, kuhusu jehanamu pamoja na kisa cha Kigiriki cha Orpheus, mwimbaji aliyeteremka kuzimu kumdai mkewe Eurydice, aliyekufa kwa kuumwa na nyoka, akawalainisha Hades na Persephone, watawala wa kuzimu, kwa muziki wake, kisha akampoteza tena kwa kuwa aligeuka kumtazama kabla hawajatoka gizani. Sijui kisa kinachowafaa wanamuziki kuliko hiki, maana silaha pekee ya shujaa wake ni wimbo.

Huzuni hiyo inasikika vizuri zaidi katika "Without You", ambamo mwimbaji wa bendi, Russell Allen, mwenye mazoea ya kuikwaruza sauti yake, anaishusha na kuiacha iombe. "Charon" nao umebuniwa kwa akili: Charon ndiye mvushaji wa roho za wafu kwenye mto wa kuzimu, ambaye Wagiriki walimwekea nauli ya sarafu kinywani mwa maiti, anatokea pia katika mashairi ya Dante, hivyo hapa vyanzo viwili vinakutana bila kugongana, na gitaa zito la Michael Romeo linamfanya aonekane mtu wa kazi asiyekuwa na haraka wala huruma.

Kasoro inaanzia kwenye moto. "Kiss of Fire" na "Run with the Devil" zinapigwa kwa ustadi usio na shaka, lakini zinaturudisha kwenye jehanamu ile ile ya mashetani ambayo bendi nyingi zimekwisha kuichosha, ilhali kuzimu ya Wagiriki ilitisha kwa namna nyingine: ilikuwa nchi ya vivuli, na mshairi wao Homer anamsimulia shujaa Achilles, aliyekwisha kufa, akisema kwamba ni heri kuwa kibarua wa maskini duniani kuliko kuwatawala wafu wote. Ubaridi huo sikuusikia vya kutosha, jambo linalosikitisha kwa bendi iliyomtungia Odysseus, shujaa mwingine wa Homer, wimbo wa dakika 24 mwaka 2002.

Upigaji wa ngoma wa Jason Rullo, aliyepata maradhi ya moyo mwaka 2013 na kurejea kazini, ni imara kote. Asiyewajua Symphony X aanze na "Swan Song", unaofunguliwa kwa piano, na auache "To Hell and Back", wenye zaidi ya dakika tisa, mpaka masikio yamezoea.