Matembezi ya kashfa ya Profumo, London: mlango tuliuona, kizimba hatukufika

Jumamosi iliyopita nililipa pauni 20 kwa matembezi ya saa mbili na nusu yanayofuata nyayo za kashfa ya John Profumo, Waziri wa Vita wa Uingereza aliyejiuzulu tarehe 5 Juni 1963 baada ya kukiri kwamba alilidanganya Bunge kuhusu uhusiano wake wa kimapenzi na Christine Keeler, mwanamitindo kijana. Kampuni sitaitaja, ila niseme kwamba kuwaongoza watu 26 katika mitaa ya Soho bila kipaza sauti ni kuwaonea walio nyuma.

Tulianzia Beak Street, palipokuwa na klabu ambako Keeler alicheza shoo akiwa bado kijana mdogo. Kasri la Cliveden, walikokutana Profumo na Keeler, liko mbali na mji, hivyo tulisimuliwa tu: bwawa la kuogelea la Lord Astor, Julai 1961, msichana wa miaka 19, na waziri mwenye mke, wikiendi hiyohiyo alikuwapo pia Yevgeny Ivanov, mwambata wa jeshi la majini katika ubalozi wa Kisovieti, ambaye naye alidaiwa kuwa na uhusiano na Keeler, na hapo ndipo mapenzi yalipogeuka kuwa suala la usalama wa taifa.

Kilichonipendeza zaidi ni Wimpole Mews, kichochoro kilicho nyuma ya majumba makubwa, ambako zamani matajiri walifuga farasi wao. Mbele ya namba 17 mwongozaji alinyamaza kidogo, kisha akapiga makofi makavu mfululizo, kutuonyesha jinsi Johnny Edgecombe, mpenzi wa zamani wa Keeler, alivyoufyatulia risasi mlango ule mwezi Desemba 1962. Jirani mmoja alichungulia, akashusha pazia; nikaona haya kwa niaba yetu sote.

Lakini Stephen Ward, tabibu wa mifupa aliyewakutanisha wote hao na aliyekuwa mpangaji wa nyumba hiyo, alipewa sentensi moja tu. Ndiye aliyeshtakiwa kwa kuishi kwa mapato ya ukahaba huku marafiki zake wakubwa wakimkwepa, akameza vidonge vya usingizi kabla hukumu haijatolewa, akafariki tarehe 3 Agosti 1963. Muda wake uliliwa na porojo za nani alivaa nini bwawani.

Nendeni, mvae viatu vya kutembelea na msimame karibu na mwongozaji. Siku nyingine mwende wenyewe hadi mahakama ya Old Bailey, alikoshtakiwa Ward, maana ziara hii haifiki huko.