Nimeomba kibali cha ujenzi na nimekipata: wanakagua kiwanja kuliko wanavyokagua nyumba

Naandika hii kwa yeyote anayejiandaa kupeleka ramani halmashauri, maana mi nimetoka huko juzi juzi tu na kiukweli nilienda na mawazo tofauti kabisa. Nilijua watakaa waangalie nyumba yangu, vyumba vitatu, masta, jiko, baraza la mbele, paa la namna gani, halafu wagonge muhuri au wakatae. Kumbe nyumba yenyewe waliipitia dakika chache. Kilichokula muda ni ule mchoro ambao mi na mchoraji wangu tuliumalizia usiku wa mwisho haraka haraka, saiti plani, yaani ule unaoonyesha nyumba imekaa wapi ndani ya kiwanja, gari linaingilia wapi, maji machafu yanaenda wapi na jirani yuko upande gani.

Jina la halmashauri silitaji kwa sababu nina mazuri na mabaya ya kusema, ila ni mjini hapa hapa Tanzania, maeneo ambayo ukipita unaona kuta zimechorwa X nyekundu na maneno SIMAMISHA UJENZI.

Kwa ambaye hajawahi, iko hivi. Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007 inasema hauendelezi ardhi kwenye eneo la mipango miji bila ridhaa ya mamlaka ya upangaji, na mamlaka yenyewe ndo halmashauri yako. Siku hizi maombi yanaingia kwenye mfumo wa Tausi wa TAMISEMI, unapandisha hati au ofa, michoro ya usanifu, michoro ya injinia, unapata kontroo namba unalipa, ila kwetu bado nilitakiwa kupeleka na seti za karatasi. Faili halipitii kwa mtu mmoja. Anaangalia mtu wa mipango miji, mtu wa ardhi, mpima, injinia wa majengo, bwana afya, na kama ni ghorofa zimamoto nao wanaingia, wakimaliza ndo linaenda kwenye kikao. Kila mmoja ana jicho lake, na hapo ndo penye uzuri wa hii huduma na hapo hapo ndo penye shida yake.

Nianze na uzuri. Dada wa mipango miji alikunjua mchoro wangu mezani, akabana kona moja na kikombe cha chai nyingine na stepla, akachukua ile rula ya pembe tatu ya skeli akaanza kupima kutoka karo la choo kwenda mpakani. Akaniuliza, "Kaka, huyu jirani wa nyuma ana kisima?" Nikamwambia ndiyo anacho, kiko karibu na ukuta. "Mbona hapa sikioni?" Hakikuwepo. Mchoro wetu uliishia kwenye mstari wa mpaka, huko ng'ambo kweupe kabisa kama hakuna binadamu anayeishi. Akazungushia lile karo na shimo lake la kunyonyea kwa kalamu nyekundu, akasema hiki kisima kichorwe kilipo na hili karo lihame lije mbele upande wa geti. Halafu akaniuliza kingine ambacho sikuwahi kukiwaza, kwamba likijaa gari la kunyonya litapita wapi wakati banda la uani limeziba njia yote ya nyuma? Mi nilikuwa nimeshalipa fundi hela ya kuchimba shimo kule nyuma. Nilimpigia simu nikiwa bado nimesimama pale pale kaunta nikamwambia aweke sururu chini.

Nimekulia nyumba ya kupanga ambayo choo na kisima vilikuwa uani pamoja, najua kuugua tumbo kunavyokuwa kwa watoto, kwa hiyo hilo duara jekundu kwangu mimi lina thamani kuliko ada yote niliyolipa.

Baadaye wakaja saiti, mkaguzi na kijana wa upimaji. Hapa sikilizeni vizuri. Kiwanja changu kimepimwa, nina hati, na upande wa kulia kuna michongoma ambayo nilipouziwa niliambiwa ndo mpaka. Yule kijana hakuuliza michongoma, aliuliza bikoni. Tukaanza kutafuta, panga likafyeka, jembe likachimba, mwisho tukaikuta, kipande cha zege na namba yake juu, kimefunikwa na udongo na majani, ndani kwangu karibu sentimita 60 kutoka kwenye ile michongoma. Maana yake ukuta wa banda langu la vyumba viwili vya kupangisha ungesimama kwa jirani. Na jirani mwenyewe, mama mtu mzima, alikuwa amesimama dirishani anatutazama, nikaenda nikampa shikamoo nikamweleza, akajibu, "Marahaba mwanangu, mi najua siku nyingi hiyo miti imehamia kwangu, nilikuwa nasubiri uanze kujenga ndo tuongee." Tungeongelea baraza la ardhi hayo. Banda likasogezwa, likaachwa na nafasi ya mita 1.5 kutoka mpaka halisi kama walivyotaka, chumba kimoja kikapungua upana, basi, nimekubali.

Fremu ya duka niliyokuwa nimeichora mbele waliikataa siku ya kwanza tu, hati inasema makazi, nikitaka duka niombe badiliko la matumizi kwanza. Sina ubishi hapo, imeandikwa kwenye hati na mimi ndo sikusoma.

Injinia naye alikuwa mkali lakini nimemheshimu. Mchoraji wangu alipandisha tenki la lita 2,000 juu ya banda, kalichora vizuri kanapendeza. Injinia akauliza nani kapiga hesabu ya nguzo zinazolibeba, mchoraji akaanza kujiuma uma, maana hakuna aliyepiga, na lita 2,000 za maji ni tani 2 zimekaa juu ya vichwa vya wapangaji usiku na mchana. Ikabidi nimtafute injinia aliyesajiliwa ERB, yaani bodi ya usajili wa wahandisi, akachora nguzo, nondo za saizi gani, ngapi, zimefungwa vipi. Nililipa kwa moyo safi. Mi sijasahau ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi lililoanguka 29 Machi 2013 likaua watu 36, wala la Kariakoo la 16 Novemba 2024 ambalo watu walikuwa chini ya kifusi wanapiga simu kuomba msaada. Mtu akiniambia kukaguliwa michoro ni usumbufu namkumbusha hizo tarehe.

Sasa shida, na ni shida kweli.

Maoni yalikuja kwa mafungu. Wa mipango miji kasema yake, nimerudi kwa mchoraji, tumerekebisha, tumeprinti seti upya, nimepeleka. Wiki zimepita, bwana afya naye anasema dirisha la choo cha ndani linafungukia kwenye kibaraza kilichofungwa, hewa haitoki. Sawa, ni kweli kabisa, lakini mchoro ule ule alikuwa nao tangu mwanzo! Tumerekebisha tena, tumeprinti tena, ndo injinia anaibuka na tenki. Mara tatu. Kila mzunguko mchoraji anataka chake na duka la kuprinti linataka lake, na hakuna hata siku moja nilipigiwa simu, nilikuwa nagundua kwa kwenda mwenyewe kuuliza, unaambiwa faili liko kwa fulani, fulani yuko saiti, njoo kesho. Ule mzunguko wa tatu nilichelewa siku mbili kikao kikapita, nikasubiri kingine. Jumla wiki 11. Mtu mwenye mkopo wa benki na kodi ya nyumba anayoishi, wiki 11 ni maumivu, na ndo maana wengi wanaamua kujenga Jumamosi na Jumapili kimya kimya kisha wanakuja kuchorewa X. Kama wale watu wangekaa meza moja siku moja wakaandika kila wanachokitaka kwenye karatasi moja, mi ningerekebisha mara moja tu na wao wenyewe wangepunguza mafaili yaliyojaa pale hadi sakafuni. Hilo nimeliandika kwenye sanduku la maoni na nikamwambia mkuu wa kitengo ana kwa ana, alinisikiliza vizuri.

Na kwenye korido kuna vishoka. Mmoja alinifuata akiwa na bahasha ya kaki kwapani, akaniambia laki tatu tu kibali kesho kutwa unacho. Huyo sio mfanyakazi, msimpe hela, wala msimpe kopi ya hati.

Nyota: ukaguzi wenyewe nawapa 5 kati ya 5, sijaona mahali pengine watu wakiisoma karatasi yangu kwa umakini ule. Mawasiliano na mpangilio nawapa 2.

Ukienda, mchoraji wako afike kiwanjani kwa miguu yake, asichoree kwenye hati tu. Bikoni zote nne zifukuliwe kabla hajashika kalamu. Kwenye saiti plani aweke na vya majirani, visima vyao, makaro yao, nyumba zao ziko umbali gani, na mtaro wa maji ya mvua unakoelekea. Hakikisha msanifu aliyegonga muhuri yuko kwenye orodha ya AQRB, ile bodi ya usajili wa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi, usikubali muhuri wa kuazima. Na ukipeleka, mwombe mtu wa masijala faili lipigwe tarehe kila linapohama meza, mi nilianza kufanya hivyo kwenye mzunguko wa tatu na lilitembea haraka kuliko yale mawili.

Kibali ninacho, kiko kwenye plastiki pale saiti pamoja na bango. Kina nafasi za kusaini mkaguzi kila hatua, ya msingi imeshasainiwa, alikuja akapima mtaro na kuhesabu nondo kabla hatujamwaga. Alhamisi anakuja kuangalia lenta, mafundi nimewaambia hata simenti wasifungue mpaka afike.