Fimbo ya kuvulia ya 75,000: miezi mitano Kijichi

Nianze na bei, maana ndilo swali la kila konda na kila abiria anayeniona nimeipakata: sh 75,000, Kariakoo, baada ya kuanza kutajiwa 120,000. Ndani ya begi kuna fimbo inayovutwa kama antena ya redio, rili (kile kigurudumu cha kukunjia mshipi) iliyozungushiwa mshipi tayari, na kiboksi chenye vyambo bandia 36. Visamaki vya plastiki ngumu, vijiko vya bati, viminyoo vya mpira, na vyura wanne.

Chura baharini! Pale pale dukani nilipaswa kushtuka. Hii seti imetengenezwa kwa ajili ya mtu anayevua kwenye bwawa au ziwa la maji baridi, na karibu kila tatizo nililopata nayo linatokana na hilo. Muuzaji aliniambia inafaa "popote penye samaki". Sawa.

Ninakovua ni Kijichi, Dar es Salaam, kwenye ule mkono wa bahari unaoingia kutoka bandarini, ukapita chini ya Daraja la Nyerere na kwenda kupotelea kwenye mikoko ambako mito ya Kizinga na Mzinga inamwaga maji. Naenda Jumamosi jioni, na nimeitumia tangu Januari.

Fimbo yenyewe naipenda. Ikikunjwa haizidi urefu wa mkono wangu, inaingia kwenye begi la mgongoni na kwenye daladala haimsumbui mtu. Ikivutwa inafika mita 2.4. Faida yake utaiona maji yakipwa. Siku za bamvua, yaani za mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti ya maji kujaa na kupwa hapa Dar inazidi mita 3, kwa hiyo pale uliposimama na maji magotini, baada ya saa chache ni tope jeusi na mashimo ya kaa, na maji yenyewe yamekimbilia katikati ya mkondo. Mwenye mshipi wa mkono anaurusha unaishia kwenye tope, labda awe na mtumbwi. Mimi na fimbo narusha chubwi (kile kizito cha kuzamishia ndoana) mpaka kwenye kina nikiwa nimesimama penye mchanga.

Ubaya wake ni vile viungio. Mchanga na chumvi vikiingia, fimbo inagoma kurudi, na mara ya kwanza nilipanda bajaji nikiwa na mlingoti wa mita 2.4 umechomoza nje kama bendera ya msafara. Dawa niliigundua nyumbani: mimina maji ya uvuguvugu kwenye kiungio, shika juu na chini kwa kandambili mbili ili mikono isiteleze, kisha zungusha huku ukisukuma. Usiivute kwa koleo, utaipasua. Siku hizi naifuta kwa kitambaa kibichi kabla ya kuikunja na haijagoma tena. Ile pete ya juu kabisa unayopitia mshipi iling'oka kigae chake mwezi wa pili, mshipi ukaanza kuchanika manyoyamanyoya. Fundi wa simu alinigundishia kwa gundi, akanitoza sh 1,000 na kucheka sana.

Rili inafanya kazi kwa masharti. Usipoiosha kwa maji ya bomba siku ile ile, kesho yake inalia kama baiskeli ya muuza mkaa. Ile breki ya mbele inayoachia mshipi samaki akivuta iliganda baada ya wiki tatu. Nikaifungua, nikafuta kutu, nikapaka grisi, ikarudi hai. Mshipi uliokuja nao usipoteze muda nao hata siku moja. Ukitoka kwenye rili unajikunja kama nywele za kipilipili, na ukivuta kwa mikono unakatika. Nilinunua nailoni ya milimita 0.35 kwa wauza zana za uvuvi, na ndiyo ipo mpaka leo.

Sasa kile kiboksi, ambacho ndicho kinachouza seti nzima kwa jinsi kinavyong'aa.

Mwezi wa kwanza sikupata kitu. Nilirusha visamaki vya kijani, vya dhahabu, vyenye macho mekundu, navuta polepole, navuta haraka, nikanasa kiroba cha simenti, nepi, na mifuko ya plastiki ya rambo. Rambo zilipigwa marufuku Juni 2019 lakini za zamani bado zinaishi kwenye tope la Kijichi kwa raha zao. Kila ukinasa, unachagua kati ya kuingia kwenye tope na kumwacha samaki wa plastiki huko aongeze uchafu. Niliingia. Ndoana zao ni zile zenye makucha matatu, zinashika kila kitu isipokuwa samaki, na baada ya safari mbili zilikuwa zimeshika kutu mpaka rangi ya samaki yenyewe imegeuka kahawia.

Jirani yangu pale ni mzee mmoja anayetega madema, mitego ya samaki ya kusuka. Siku moja alikuwa anapita na mtumbwi wake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Antena hiyo unatafuta redio gani?"

Nikamweleza. Akachota maji kwa kata anayofukuzia maji mtumbwini, akanionyesha: rangi ya chai ya maziwa. "Haya hayana macho, mwanangu. Samaki hapa anakula kwa pua. Ngoja yaingie ya nje."

Na kweli, hapo ndipo niliposhika kitu. Chambo bandia hakina harufu. Kazi yake yote ni kuonekana na kutikisika. Maji yakitoka yanabeba tope la mikoko na taka za mito, samaki haoni hata pua yake. Yakijaa, maji ya bahari yanasukuma lile tope kurudi juu, na kwenye kilele cha kujaa unaweza kuona vidole vya miguu yako ukisimama magotini. Yakianza tu kugeuka, dagaa na kamba wadogo waliokuwa wamejificha kwenye mizizi ya mikoko wanalazimika kutoka kupitia vijito, na kolekole wanawasubiri mdomoni mwa vijito. Muda huo kwa hesabu yangu ni kama saa moja hivi. Kabla yake na baada yake kiboksi kifunge. Uzuri ni kwamba Dar siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo Jumamosi inayoangukia mwezi mchanga au mwezi mpevu unafika kwa wakati bila kuamka usiku. Kila siku inayofuata saa inasogea mbele kama dakika 50.

Katika vyambo 36, vilivyonipa samaki ni viwili. Cha kwanza kijiko kidogo cha fedha, nilipokibadilisha ndoana. Cha pili kiminyoo cheupe cha mpira chenye kichwa cha risasi: unakiacha kizame, unanyanyua ncha ya fimbo, kinaruka, kinazama tena. Hicho kilinipa kolekole wa kilo moja mwezi wa tatu, na wakati anakimbia nilijua kwa nini watu wanalipia fimbo. Mshipi wa mkono unakata vidole. Hapa fimbo inainama yenyewe, rili inatoa mshipi kidogo kidogo, wewe unasimama na moyo mdomoni. Wale wa ngalawa wanaorambaza nje, yaani wanaoburuta chambo nyuma ya chombo, wanacheka kilo moja, najua.

Vingine 34 ni mapambo.

Siku zilizobaki navua kwa chambo cha kamba halisi wa baharini, na nashauri yeyote anayenunua seti hii aweke bajeti ya kamba kabla ya kingine chochote. Nanunua soko la samaki la Feri fungu dogo Ijumaa, namenya, natoa vichwa, napaka chumvi ya mawe na kuacha kwenye friji usiku kucha (mama watoto ana maoni yake kuhusu hilo). Asubuhi kamba amekaza kama mpira. Ndoana ndogo inaingia mkiani, inafuata mgongo, ncha inatokeza tumboni. Halafu nazungushia uzi wa lastiki, ule mafundi cherehani wanaowekea mikunjo ya nguo za watoto, mizunguko sita au saba, navuta na kuukata. Haufungwi fundo, unajibana wenyewe. Bila huo uzi chaa wanakudonolea kamba wote na kukuachia ndoana safi. Chaa ana mdomo mdogo na adabu ndogo. Kipande cha ngisi kinakaa zaidi lakini kwa Kijichi naona changu wanapenda kamba. Kwa mkizi ni donge la mkate kwenye ndoana ndogo kabisa, chini ya chelezo (boya dogo). Hapa fimbo hii nyepesi inang'aa kweli, maana ncha yake inaonyesha hata mdonoo wa chaa wa kiganja.

Ila jihadhari na samaki aitwaye hongwe. Maji yakiwa machafu ndiye atakayekuja kwa wingi, na ana miiba mitatu, mmoja mgongoni na miwili ubavuni, yenye sumu. Mimi alinichoma kwenye kidole gumba nikimtoa ndoana kwa haraka, mkono ukauma mpaka begani. Mama muuza chai wa pale juu alinipa beseni la maji ya moto, si ya kuchemka, ya kiasi cha kuvumilia, nikatumbukiza mkono, maumivu yalishuka. Begi la 75,000 halina koleo la kutolea ndoana. Vyura wanne wapo.

Mara moja nilijaribu pia daraja la Salenda, Mto Msimbazi unapoingia baharini, mkizi wanaruka pale hadi unatamani kupiga makofi. Nilivua wawili, nikawarudisha. Msimbazi unapita Vingunguti na Jangwani kabla ya kufika pale, na anayejua unachobeba njiani hatamla samaki wake. Kwenye lile Daraja la Nyerere la Kigamboni na karibu na bandari usitoe fimbo kabisa, utajieleza mpaka magharibi. Na kabla ya kuanza popote, muulize afisa uvuvi wa eneo lako habari ya leseni; mimi nilianzia serikali ya mtaa, wakanielekeza vizuri.

Nyota tatu kati ya tano: mbili na nusu za fimbo, nusu ya rili, kiboksi sifuri. Ukiweza, mwambie muuzaji akutolee kiboksi apunguze bei. Mimi nilipomrudia kumuuliza alisema hivyo vinakwenda pamoja kama pete na kidole. Nimeng'oa ndoana zote zenye kutu, na yule chura mkubwa wa kijani sasa anaogea na mwanangu kwenye beseni. Jumamosi hii mwezi ni mpevu. Kamba wako kwenye friji.