Agroveti iliyokataa kuniuzia chanjo

Nafuga kuku wa nyama Ruai, mia moja kila awamu. Awamu iliyopita nilizika 38 ndani ya wiki moja. Walikuwa na wiki nne, manyoya yamesimama, wanaharisha nyeupe ya majimaji. Nilipompasua mmoja nikaona madoa ya damu kwenye mapaja. Gumboro, ugonjwa wa virusi wa kuku. Na nilikuwa nimewachanja! Duka nililonunua chanjo liliniambia niwape wakiwa na siku tatu, eti mapema ndiyo salama.

Safari hii jirani akanipeleka agroveti ndogo nyuma ya steji. Dada wa pale, wateja wote humwita daktari, hata hakugusa friji.

"Mama, vifaranga wana siku ngapi? Na kuku wazazi walichanjwa?"

Siku tano, nikamwambia, na wazazi walichanjwa.

"Basi leo sikuuzii. Rudi wakifika siku 14."

Nilikasirika, nimepanda matatu bure. Akanivutia kiti akanieleza. Kuku aliyechanjwa humpa kifaranga kingamwili kupitia kiini cha yai. Kinga hiyo humlinda siku za mwanzo, lakini haijui virusi vya ugonjwa na vya chanjo ni tofauti. Ukichanja ikiwa bado kali, inavizima vya chanjo, na mwili wa kifaranga haujifunzi lolote. Yenyewe hupungua kwa nusu kila siku tatu hadi tano hivi. Ikiisha, kifaranga hana cha mama wala chake. Tena hawaishiwi wote siku moja, ndiyo sababu chanjo hurudiwa. Nilikaa pale nikiwakumbuka wale 38.

Siku ya 14 alinipa chupa ya dozi 100, imeviringishwa gazeti, akaitumbukiza na barafu kwenye thamosi yangu. Akanionya kuhusu klorini ya maji ya mfereji, kwamba huua chanjo. Niliichanganya na maji ya mvua na maziwa ya unga yasiyo na mafuta, gramu 2.5 kwa lita, nikawanywesha baada ya kuwaweka na kiu saa moja. Siku ya 18 nikarudia.

Leo wana wiki tano, wako 97, na wale watatu walikufa siku mbili za kwanza.

Bei ya agroveti hiyo imezidi kidogo ya wengine, nami nalipa kwa moyo mweupe. Ila Jumapili hawafungui, na siku yangu ya kurudia iliangukia Jumapili, ikabidi chupa ilale kwenye friji yangu. Hesabu siku zako kabla hujaenda.